Kisanduku cha Kuulizia

Katika steshenari moja karibu na stendi ya Moshi, kompyuta ya Yuditha ilikuwa na visanduku viwili juu kwenye kioo chake. Kimoja cha kuandika anwani ya unakokwenda, kingine cha kuulizia. Yuditha hakutaka vichanganywe.

"Dada, hii ya kizamani," alisema Jovin, fundi aliyerudi kutoka Dar na maringo yake. "Siku hizi kimoja kinatosha."

"Kwenu mnapikia chooni?"

Siku za soko Salvina aliteremka kutoka Kibosho kumuuliza marehemu mumewe, Antoni, mambo ya kihamba, shamba la ukoo. Shemeji yake, Fabian, alikuwa amelima hadi upande wake na kung'oa masale ya mpaka. Masale! Mmea ambao Mchagga humpelekea mtu kumwomba radhi, yeye kawalisha mbuzi.

Yuditha aliandika kwenye kisanduku cha kuulizia: Antoni, mpaka wetu uko wapi?

Antoni alijibu: Kwenye mfereji. Hujambo lakini, mke wangu?

Salvina aliporudi, masale yalikuwa yameota kando ya mfereji. Fabian akayang'oa. Salvina akauliza tena, yakaota tena. Majirani walipita wakisema mvua mwaka huu si haba.

Kisha mwenye duka akamwita Jovin, naye akaviunganisha visanduku. Hakumwuliza Yuditha. Mabingwa hawaulizi.

Salvina alipokuja, Yuditha aliandika: Antoni, mpaka. Kisanduku kikamalizia chenyewe: mpaka wa Fabian. Akafuta, kikaandika tena. Ukoo mzima ulikuwa umeshinda kwenye simu ukiuliza hivyo hivyo, wakinyweshwa pombe ya mbege na Fabian, na kisanduku hicho husikiliza wengi. Kikajibu kabla hajabonyeza kitu: Mlangoni kwa Salvina.

"Antoni yuko wapi?" Salvina aliuliza.

"Simwoni, mama. Hapa wanaongea wote kwa pamoja."

Jioni hiyo masale yalikuwa yamesimama kwenye kizingiti cha Salvina, mabichi, yamenyooka. Ukoo ukaketi, ukanywa, ukaamua kwamba masale hayasemi uongo, mpaka ni kizingiti. Wazee wazima, na rozari shingoni! Yuditha alimsihi Jovin arudishe kisanduku cha pili.

"Haiwezekani, dada. Watu wengi wameridhika."

Siku hizi Salvina akitaka kutoka nyumbani kwake, husimama ndani ya mlango na kupiga hodi. Fabian akiwa shambani humkaribisha. Akiwa bado amelala, Salvina husubiri.