Ng'ombe Wachache Tu

Kwa miaka ishirini na sita Ardis Tveit alikuwa akiwapandisha ng'ombe wao kwenye malisho ya kiangazi mlimani yeye mwenyewe, ndani ya trela lililovutwa na pikapu ileile ya dizeli yenye rangi ya chai ya maziwa. Mumewe Orval alikaa kando yake na kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga mageti. Lakini Juni iliyopita, katikati ya mlima, pikapu ilishindwa gia ya pili ikaanza kutambaa kwa gia ya kwanza, na magari sita yakajipanga nyuma yake kama msafara wa harusi. Habari zikamfikia binti yao aliyeko mjini Billings kabla ng'ombe hawajashuka kwenye trela.

"Mama, umefanya vya kutosha," alisema kwenye simu. "Mwaka ujao kodini lori na dereva wake. Wewe pumzika."

Ardis alijibu kwamba watafikiri. Hakufikiri hata dakika moja. Kuna watu ambao Krismasi ndiyo siku yao. Ya Ardis ilikuwa siku ya kupandisha ng'ombe, usukani mikononi, theluji ya mwisho ikiyeyuka kando ya barabara.

"Injini ikishindwa tena, nitakubali lori," alimwambia Orval majira ya kuchipua yalipoingia. "Lakini kwanza apatikane mtu wa kuiuliza injini yenyewe."

Mtu huyo alikuwa Marisela Quade, fundi kijana aliyehamia bondeni mwaka juzi kutoka mji mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuziandikia upya kompyuta za injini za dizeli, hasa zilizozeeka: mafuta yaingie kiasi gani, na wakati gani. Habari ilipofika kwenye meza ya kahawa ya duka la vyakula vya mifugo, kila mzee akawa mtaalamu.

"Mwambie akuwekee programu ya mashindano, Ardis," alisema jirani yao Duane Skaar. "Utoe moshi mpaka ng'ombe wangu wageuke weusi."

"Ng'ombe wako ni weusi tayari, Duane."

"Basi wang'ae!"

Marisela hakuwa na habari za mashindano. Kwenye karakana yake aliweka kompyuta juu ya boneti, akachomeka waya chini ya usukani, akasoma kwa muda mrefu kama daktari.

"Injini yenu ni nzima, Bi Ardis. Imechoka kidogo, lakini ni nzima," alisema, na Ardis akamshukuru moyoni kama aliyesifiwa mtoto. "Nina mipangilio mitatu. Wa kwanza ndio ule iliotoka nao kiwandani. Wa pili una raha, gari linaruka, ila ni wa mzigo mwepesi. Wa tatu ni wa mzigo mzito. Hauna mbwembwe, lakini haupandishi joto. Ukibeba mzigo mzito kwa ule wa pili, utaiunguza injini. Sasa, safari moja mnavuta ng'ombe wangapi?"

Orval akaanza kukagua boriti za paa.

Katika bonde lile unaweza kumwuliza mtu habari za figo zake, za ugomvi wake na nduguye, hata aliyempigia kura. Idadi ya ng'ombe wake humwulizi. Ni sawa na kumtia mkono mfukoni. Na idadi ya safari moja haikuwa siri ndogo, maana majirani wote huziona safari zikipita, na kuzidisha wote walifundishwa shuleni.

"Wachache," alisema Orval.

"Wachache ndio wangapi?"

"Wachache tu, binti."

Ardis alijua ni tisa, kila mmoja na ndama wake. Lakini adabu ya miaka sitini na saba haivuliwi kama koti. Naye Marisela, aliyekulia mahali ambapo wachache ni wachache, akaandika wanne.

"Basi chukueni wa pili. Mitatu yote naiacha ndani ya kifaa hiki kidogo. Na hii geji mpya hupima joto la ekzosi, moshi unaotoka kwenye injini. Mshale ukigusa wekundu, Bi Ardis, ondoa mguu kwenye mafuta."

Walirudi nyumbani na trela tupu, pikapu ikipaa. Orval alishika kofia ingawa vioo vilikuwa vimefungwa. Ardis alicheka njia nzima.

Siku yenyewe ilipofika walipakia ng'ombe tisa na ndama tisa, wakaanza kupanda. Kona ya kwanza, raha tupu. Kona ya pili, moshi ukaanza kufuka nyuma. Kwenye kona ya tatu mshale ukaingia kwenye wekundu, na Ardis akaondoa mguu huku moyo ukimshuka pamoja na mwendo. Akaegesha pembeni. Duane, aliyekuwa nyuma na trela lake, naye akasimama na kuja kwa miguu.

Ardis alipiga simu na kuweka sauti ya juu ili Orval asikie.

"Haiwezekani," alisema Marisela. "Ng'ombe wanne hawawezi kuleta joto hilo. Niambieni ukweli, mmebeba wangapi?"

Duane, hatua tatu tu kutoka pale, aliona haya kwa niaba yao. Akageuka haraka na kuutazama msonobari kama anayetaka kuununua.

"Nikisema, bonde zima litajua," Orval alinong'ona.

"Na usiposema, huu ndio mwisho wangu kwenye mlima huu."

Orval alimtazama mkewe. Miaka yote alidhani wanapanda kwa ajili ya ng'ombe. Akavua kofia, akachukua simu, na kwa kuwa huzungumza na simu kama mtu aliye ng'ambo ya mto, akatangaza: "Tisa! Na ndama tisa!"

Marisela akapaza sauti: "Mzee! Hao ndio wachache?"

"Kwetu sisi, ndiyo."

Marisela alicheka mpaka akakohoa. Akawaambia waiache injini iungurume kwanza ipoe, waizime, wachomeke kile kifaa na kuchagua mpangilio wa tatu. "Hautakukimbiza, Bi Ardis. Raha ile utaikosa."

"Raha yangu iko juu kule," alisema Ardis, akabonyeza namba tatu.

Wakati kifaa kikifanya kazi yake, Duane alileta chupa ya kahawa, akamimina vikombe vitatu bila kumtazama mtu.

"Mimi hubeba kumi na mmoja," aliuambia msonobari. "Safari saba."

"Sijasikia kitu," alisema Orval.

"Hata mimi sikusikia," alisema Duane. "Masikio ya uzee haya."

Wakagonganisha vikombe.

Pikapu ilipanda bila haraka. Gia ya tatu, moshi hakuna, mshale umetulia chini ya wekundu. Mahali iliposhindwa mwaka uliopita Ardis alikaza vidole kwenye usukani, na barabara ikapita chini yao kama barabara nyingine yoyote. Juu, Orval alichechemea kwenda kufungua geti. Ng'ombe wakateremka wakiita, kila ndama akimtafuta mamaye, kisha vichwa vyote vikainama kwenye majani mapya.

"Mbona huzimi injini?" aliuliza Orval.

"Iache ipumue. Imefanya kazi."

Alisubiri mpaka mshale ukashuka kabisa, kisha akauondoa mguu kwenye breki, akaanza kuligeuza trela taratibu.

"Panda basi, mzee," alisema. "Wengine wanatungoja kule chini."