Jina Kwenye Disketi ya Kwanza

Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, Klaudia alishuka mjini kutoka Kibeta kopo la biskuti likiwa kwapani, na kila aliyemwona alidhani amebeba biskuti. Waache wadhani. Ndani ya kopo lile mlikuwa na disketi kumi na moja zilizofungwa kwa mpira, na karatasi moja ya Kiingereza iliyokunjwa mara nne. Mjane yule hakuwa na kitu kingine cha marehemu mumewe, hata kifungo cha shati.

Mumewe, Ndyamukama, alifanya kazi Dar es Salaam miaka tisa, katika kampuni iliyokuwa ikiuza programu za kompyuta za biashara: za kuandikia barua, kutoa ankara, kutunza orodha za bidhaa dukani. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wateja jinsi zinavyofanya kazi. Kwa ajili hiyo alipewa seti yake mwenyewe, na juu ya kila disketi palipigwa muhuri mwekundu wa Kiingereza uliosema kwamba hiyo ni nakala ya maonyesho, si ya kuuzwa. Alipokonda, na kikohozi kikakataa kwisha, kampuni ilimpa barua ya kumshukuru na haikumdai disketi zake. Akarudi kwao Izigo kufa, kama walivyokuwa wakirudi wenzake wengi miaka ile. Kagera nzima ilikuwa ikizika. Ulikuwa hujakunja khanga ya msiba huu, unaitwa kwenye ule.

Klaudia ndiye aliyemuuguza. Miaka yote tisa yeye alikuwa Izigo na jembe lake, analima kibanja, shamba lao la migomba na kahawa, na mume alikuwa wa Krismasi. Krismasi nyingine hata haonekani. Sasa alimpata miezi saba mfululizo, mgonjwa, na mtanisamehe nikisema kwamba katika miezi ile kuna siku alifurahi. Walizungumza mchana kutwa. Siku moja Ndyamukama alimwonyesha disketi iliyoandikwa namba moja, akamwambia kwamba siku ya kwanza ya kazi programu ilimuuliza jina, naye akaliandika, likaingia mle ndani, halifutiki. Kompyuta yoyote duniani ukiiwekea disketi zile, kitu cha kwanza kutokea ni jina lake. Klaudia, ambaye alikuwa hajawahi kuiona kompyuta, alicheka akasema haya, tutaona.

Ndyamukama alizikwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, pamoja na baba yake na babu yake. Matanga yalipokwisha, kaka yake mkubwa, Kagaruki, aliketi na wazee wa ukoo, wakaimaliza habari ya Klaudia kabla chai haijapoa. Kibanja ni cha ukoo, wakasema. Mwanamke hana mtoto. Arudi kwao. Baiskeli ikachukuliwa, redio, koti, hata picha iliyokuwa ukutani. Kopo Kagaruki alilifungua, akaona vipande vya plastiki, akalifunga, akamwachia. Jembe la Klaudia, ambalo mpini wake aliuchonga Ndyamukama mwenyewe mwaka waliooana, lilibaki nyuma ya mlango wa jiko. Alilikumbuka akiwa ameshafika barabarani, akaona aibu kurudi.

Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu watu walimsema sana: Klaudia hakuwa analilia mali. Alichokitaka ni kaburi. Alitaka kukaa pale, kung'oa majani, kuzungumza na mtu wake kama walivyozungumza miezi ile saba. Miaka miwili aliishi kwa shangazi yake Kokubanza hapo Kibeta, na mara moja tu alijikaza akaenda Izigo. Alisimama barabarani saa nzima kama mtu anayengoja gari. Aliona vichwa vya migomba, akarudi.

Shangazi ndiye aliyemwambia auze yale madude, maana Mhindi mmoja mjini alikuwa amenunua kompyuta. Huyo alikuwa Thakorbhai, mwenye duka la karatasi na kupiga chapa, mmoja wa wale wachache waliobaki. Kompyuta aliinunua kwa wazungu wa misaada waliokuwa wanafunga ofisi, na walikuwa wameshafuta kila kilichokuwa ndani. Ilikuwa na tumbo tupu. Programu mpya ya kununua Dar ilikuwa na bei ya kumtoa mtu roho. Kwa hiyo Klaudia alipolifungua kopo juu ya kaunta na kutaja bei ambayo haikufika hata robo, mzee alizishika disketi kwa mikono miwili. Kisha akauona ule muhuri, akazirudisha haraka na kuitia mikono yake mfukoni.

Alikuwa na sababu. Wakati wa vita watu wa mpakani walipokimbia makwao waligawiwa mablanketi ya msaada, na vita vilipokwisha mablanketi yakaanza kuuzwa. Thakorbhai alinunua thelathini. Yalikuwa na chapa pembeni, si ya kuuzwa, lakini nani alikuwa anajali? Mwaka wa themanini na tatu, katika msako wa walanguzi, walijali. Alikaa mahabusu miezi minne. Alipotoka, mkewe Madhuben alikuwa ameshawachukua watoto kwenda Uingereza kwa ndugu zake, na tangu hapo amebaki mke wa barua. Mzee yule alimweleza Klaudia yote hayo, mteja anangoja bahasha, wala mteja huyo hakumtazama.

Hata hivyo programu alikuwa anaitaka. Usiku hakulala vizuri, kesho yake akaichukua karatasi ya Kiingereza akaipeleka kwa wakili. Wakili aliisoma akasema kwamba mwenye leseni hamiliki programu, ameruhusiwa kuitumia tu. Akiiuza, mnunuzi atakuwa amenunua hewa, na juu ya hayo anaweza kushitakiwa. Na kama mwenyewe amekufa? Wakili alipindua karatasi, akatazama nyuma, akasema hakuna kilichoandikwa kuhusu kufa. Walioiandika, nadhani, hawakuwahi kufika Kagera.

Basi Thakorbhai akapata njia yake. Hanunui kitu. Mjane atakuja na kopo lake, atakaa kwenye mashine, atatumia mwenyewe kitu cha mumewe, na yeye atamlipa mshahara kama mpiga chapa yeyote. Jioni kopo linarudi Kibeta. Kama njia hiyo ilikuwa halali, mimi si wakili. Yeye ilimwezesha kulala.

Siku ya kuingiza programu, Thakorbhai alisoma maelezo, Klaudia akimpa disketi moja baada ya nyingine. Ya kumi na moja ilipotoka, kioo kikawa cheusi kidogo, kisha kikawa cha buluu, na katikati pakatokea maneno. Kwamba programu hii imeruhusiwa itumiwe na: NDYAMUKAMA. Chini yake, palipoulizwa jina la kampuni, hakuandika la kampuni. Aliandika IZIGO.

Hilo hakuwa amemwambia. Klaudia alishika ukingo wa meza. Siku ile ya kwanza, kijana wa watu, Dar nzima inamngoja nje, ameulizwa na mashine ni wa kampuni gani, akaandika kwao. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, na Thakorbhai, ambaye hakuwa hodari wa kufariji, alikwenda kufunga mlango wa duka.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Aliandika barua za watu, ankara, na zaidi ya yote kadi za shukrani za misiba, maana mji ulikuwa unakwisha. Majina ya marehemu yalipita vidoleni mwake wiki nzima. Lakini la kwanza kila asubuhi lilikuwa lile, na alifika mapema ili alipate peke yake. Lilikaa kwenye kioo muda wa kuvuta pumzi tatu, kisha likaondoka. Alikuwa amehesabu. Na kila likiondoka alilitamani kaburi zaidi, hamu haikupungua.

Maneno yana miguu. Alhamisi moja mchana Kagaruki aliingia dukani, kofia kichwani na fimbo mkononi, vumbi la Izigo hadi magotini. Alikuwa amesikia huko Muleba kwamba mwanamke anakula mali ya ndugu yake kwa Mhindi. Hakusalimia. Alisema amekuja kuchukua kitu cha ukoo, na kama Mhindi anakitaka, akinunue leo hii, mbele yake.

Thakorbhai alimweleza kwa upole kwamba kitu hicho hakiuzwi. Akamwonyesha muhuri. Akamsimulia habari ya mablanketi, fupi safari hii. Ungedhani Kagaruki atakasirika, kumbe alitulia kabisa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua tangu utoto. Alisema kama hakiuzwi, basi ni kama kibanja, na kama ni kama kibanja, ni cha ukoo. Akanyoosha mkono apewe kopo.

Klaudia alisimama. Miaka mitatu alikuwa akiyapanga maneno ya kumwambia mtu huyu, na sasa yaliyopangwa yote yalimkimbia, yakaja mengine.

"Ta Kagaruki," alisema, kwa heshima ya kwao, "karatasi hii inasema nisiuze. Sijauza. Inasema mtu anaweza kutumia. Natumia. Na kibanja cha Izigo nacho mnasema hakiuzwi. Mimi niliwaomba lini nikiuze? Nilikitumia miaka tisa mkanitoa. Sasa sikiliza, shemeji. Migomba sitaki, kahawa sitaki. Nataka kukaa pale alipolala, nipalilie. Nipe njia ya kufika kaburini, na kopo hili chukua."

Thakorbhai alikohoa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kopo likiondoka, itabidi afute kila kitu kwenye mashine. Hawezi kubaki nacho bila mwenyewe. Hatarudi mahabusu uzeeni.

Klaudia alijua maana yake. Hakuna jina asubuhi. Hakuna pumzi tatu. Alilitazama kopo, kisha akalisukuma mbele ya shemeji yake.

"Futa," alimwambia mzee.

Mzee hakufuta. Alisema kwanza mwenye kuchukua aone anachochukua. Akavuta kiti, akamkalisha Kagaruki mbele ya kioo, akafungua programu.

Kagaruki alikuwa amesoma hadi darasa la nne, na Kiingereza hakukijua. Aliyapitia maneno akikunja uso, midomo ikicheza. Kisha midomo ikasimama. Alisoma la juu. Alisoma la chini. Jina likaondoka.

Alivua kofia.

"Washa tena," alisema.

Klaudia alifunga programu, akaifungua. Safari hii Kagaruki alisogea karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Nani aliandika Izigo?"

"Yeye mwenyewe. Siku ya kwanza ya kazi."

Aliiweka kofia magotini. Mteja aliingia, akawaona wale watatu, akatoka taratibu. Na hapo ndipo Kagaruki aliposema neno ambalo wazee wa ukoo hawakulisikia siku ya kikao. Alisema katika miaka tisa Ndyamukama hakumwandikia barua hata moja. Yeye ndiye aliyemlea tangu baba yao afe, alikwenda vitani akarudi, akauza kahawa ya misimu miwili amsomeshe, na mdogo wake akaenda mjini akanyamaza. Alidhani mdogo wake anamwonea haya. Alidhani kama kuna barua zilizokuja, zilikuja kwa mwanamke, naye amezificha.

"Mimi pia hakuniandikia," Klaudia alisema. "Nilikuwa nangoja Krismasi."

Walitazamana, nadhani kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Wote wawili walikuwa wamemngoja mtu mmoja, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyempata.

"Washa tena, bojo," Kagaruki alisema, akimsihi.

Klaudia akawasha. Mara ya nne. Mara ya tano. Thakorbhai alikuwa amegeuka anapanga bahasha zilizokuwa zimepangwa tayari, na sijui alikuwa anamfikiria nani, lakini barua kutoka Uingereza ilikuwa haijafika tangu Pasaka.

Mwisho Kagaruki alisimama, akakung'uta kofia. Kopo lilikuwa palepale juu ya meza. Alilifunga kifuniko vizuri, akalibonyeza pande zote, akalirudisha upande wa Klaudia. Kwetu hakuna umeme, alisema, litakaa tu rafuni. Kisha akaelekea mlangoni, na Klaudia akabaki amesimama, kopo mkononi, hajui amepata nini wala amekosa nini.

Kwenye kizingiti Kagaruki alisimama bila kugeuka.

"Njoo Jumapili," alisema. "Majani yamekuwa mengi pale. Jembe lako lipo nyuma ya mlango wa jiko. Sikumruhusu mtu alishike."