Achilia Bouton

Siku niliyoomba uchumba, watu wa Butembo, Beni, Musienene na Kayna walinisikia wote. Mtu pekee ambaye hakusikia chochote ni mimi.

Nieleze kwanza phonie ni nini, kwa ajili ya wale waliokua na simu mfukoni. Ni sanduku la chuma, ukubwa wake kama kasha la sabuni. Waya wake mrefu hufungwa juu kati ya mikaratusi miwili, na batri ya gari, inayochajiwa kwa jua, hukaa chini ya meza. Unashika mikro yenye bouton ubavuni. Ukibonyeza, unasema. Ukiachilia, unasikia. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja, ndiyo maana kila mtu akimaliza neno lake alisema “à toi”, yaani zamu yako, akaachilia kidole, akangoja. Na kila mwenye sanduku kwenye masafa yale alisikia yote: wauza viazi, mapadri, askari, na wasio na kazi.

Miaka ile ya vita, barabara ya Beni ikifungwa kwa sababu wenye bunduki wa huku hawakuelewana na wenye bunduki wa kule, phonie ndiyo ilikuwa barabara. Ilikuwa pia na adabu zake. Kabla ya neno lolote, upande wa pili ulitaja watu wote waliosimama kando ya mashine, ili mtu asije akamtangazia mwenzake msiba bila maandalizi, ama akamsema vibaya mkwe aliyekaa palepale. Kila mtu Butembo alijua adabu hiyo. Hata mimi niliijua. Lakini niliiona ni adabu ya wauza maharagwe, na mimi nilikuwa mshairi.

Mshairi kwa cheti gani? Kwa cheti changu mwenyewe. Niliokota sokoni kitabu cha mashairi kisicho na jalada, nikajifunza humo vina na mizani, nikihesabu silabi kwa vidole nyuma ya kaunta ya mjomba wangu, aliyeuza misumari na vipuri vya baiskeli. Kwa kuwa jalada lilikuwa limetoka, sikujua mtungaji ni nani. Na kwa kuwa sikumjua, nilijihesabu kuwa tunalingana.

Phonie ilikuwa imebadilisha usemi wa mji mzima. Mama sokoni alitaja bei ya viazi, akaongeza “à toi”. Watu wa ndoa waligombana kwa zamu. Hata mahubiri yalifupika, na waumini wakamshukuru Mungu kwa vita vile kwa jambo hilo moja tu. Mimi nilikataa. Nilitangaza mbele ya kila aliyetaka kununua msumari kwamba lugha ya kishairi haiwezi kukatwakatwa kwa sababu ya kidole gumba.

Sasa, Solange. Alikuwa fundi wa kushona, mwenyeji wa Beni, mtaa wa Ruwenzori. Tulifahamiana Butembo alipokuja kujifunza kukata nguo kwa shangazi yake, kisha akarudi kwao, kisha barabara ikafungwa. Alipokuwa kule, Kambere, mnunuzi wa kahawa mwenye pikipiki mpya, alituma wazee kwa baba yake, mzee Syauswa. Na mzee Syauswa akasema atawajibu Jumapili baada ya ibada.

Habari hiyo ililetwa dukani na Vagheni, mwenye phonie ya mtaa wetu.

“Muyisa, Beni inakuita,” alisema. “Jeudi, saa kumi. Solange atakuwa ku mashine. Anasema hapana kukosa, anasema ni mbele ya dimanche.”

Mwanaume mwingine angeelewa kwamba msichana anataka aombwe uchumba kabla ya Jumapili. Mimi nilielewa kwamba anataka shairi.

Niliandika kwa moto. Mjomba wangu aliniuliza kwa nini ninampa misumari ya mabati mtu aliyeomba spoku. Nikamjibu kwamba niko mahali ambapo spoku hazifiki. Akasema ni kweli, hazijafika tangu barabara ifungwe.

Alhamisi nikavaa koti na tai. Kibandani kwa Vagheni nilikuta watu kwenye benchi: Maliro, mfanyabiashara wa maharagwe wa Musienene, na Mama Christa, aliyengoja kuzungumza na dada yake. Vagheni akanitazama kutoka viatu hadi tai, kama mtu anayemkagua bwana arusi.

“Uko naenda ku mariage ao ku phonie?”

“Vagheni, mashairi hayasemwi kwa kandambili.”

“Ah bon. Lakini sikia, grand poète. Huko Beni jua haikuwaka, batterie yao ni ya kuombea. Sema neno yako mbio, achilia.”

“Nitasema kadiri neno linavyotaka.”

“Neno iko na batterie yake?” akauliza Maliro. Benchi likacheka. Nikawasamehe.

Vagheni akazungusha vitufe, akaita. “Beni, Beni, hapa Butembo. À toi.” Sanduku likakoroma, kisha ikaja sauti ya Agar, mama mwenye mashine ya kule, kuthibitisha kwamba ametusikia. “Butembo, bien reçu. Hapa tuko na Solange, na tuko tena na—”

Jina la Solange lilinitosha. Nikachukua mikro mkononi mwa Vagheni, nikabonyeza. Sauti ya Agar ikakatika kama uzi.

Nilisimama. Mkono mmoja ulishika bouton, mwingine niliuinua kuelekea dari, na kwa kuwa waya wa mikro ulikuwa mfupi, kila nilipopaza sauti meza ya Vagheni ilinifuata kidogo. Nilianza na macho yake, nikashuka shingoni. Kiunoni nilikaa beti kadhaa, maana vina vya hapo vilikuwa vimetoka vizuri. Vagheni alinipungia mikono yote miwili. Nikaona ameguswa. Mama Christa alifunika uso kwa kitenge. Nikajua analia. Maliro alikuwa ameachama mdomo, nami nikamwimbia yeye mstari mzima, kwa huruma, kwa kuwa nilidhani hajawahi kusikia kitu kama kile. Hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Nikampitia Kambere na pikipiki yake, iliyotoa moshi kwa sababu mwenyewe hakuwa na kitu kingine cha kutoa. Kisha nikafika kwenye ubeti nilioupenda kuliko zote:

Baba yako ni kufuli, ni kufuli lenye kutu,
Hufunguka kwa mbuzi tu, halifunguki kwa mtu!

Hapo Vagheni alijishika kichwa. Nikaurudia.

Nilipomaliza, nilisema “à toi” kama mtu anayesema amina, nikaachilia bouton, nikafumba macho kungoja kilio cha furaha cha Solange.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mwanaume, kavu, ya mtu anayeongea huku anatafuna.

“Eeh, Butembo! Hapa Kayna. Ni nani huyo? Mwambie kidole yake ipumuzike. Sisi tuko na viazi inaoza huku, tunangoja kuuliza bei, ye iko mu kiuno ya mutoto ya watu. À toi.”

Kabla sijapata jibu la kuiunguza Kayna nzima, Agar akaingia. Sauti yake sasa ilikuwa imefifia.

“Butembo, hapa Beni. Nilikuwa niko nasema, mukanikata: tuko na Solange, na tuko tena na papa yake. Papa Syauswa iko hapa. Amekaa ku kiti mbele ya mashine. À toi.”

Nilitafuta pa kukaa. Benchi lilikuwa limejaa, na hakuna aliyesogea.

“Jibu,” Vagheni akaninong'oneza.

“Nijibu nini?”

“Sasa unaniuliza mimi? Maneno yote si iko kwako?”

Sanduku likakoroma tena, na sauti nzito ikatoka polepole, ya mtu asiyeiamini mikro na kwa hiyo anaishika mbali.

“Kijana. Ni Syauswa. Mutoto yangu aliniambia: papa, kuya usikie, Muyisa iko na neno ya kukuomba wewe mwenyewe. Nikaacha kahawa ku shamba, nikakuya. Maneno ya mwanzo hatukuisikia muzuri. Mashine ilikuwa na makelele mingi. À toi.”

Nafikiri hakuna aliyewahi kunitendea wema mkubwa kuliko ule. Haukudumu.

“Hapa Kayna. Huku haikuwa na makelele. Tulisikia yote, mpaka ile ya kufuli. À toi.”

“Kayna, funga mudomo!” Vagheni akapiga kelele, na alipoachilia tu, mzee Syauswa alikuwa akiendelea, kana kwamba Kayna ni mji ambao haujajengwa.

“... kama uko na neno ya kuniomba, omba sasa. Batterie iko naisha. À toi.”

Nikabonyeza. Na hapa naomba wanaojifunza ushairi wanisikilize. Maneno yote niliyowahi kuyajua yalitoka kibandani kwa mguu. Nilibaki na mikro, na sindano ndogo ya mashine iliyotetemeka kwa pumzi yangu tu. Kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba kule mwisho wa waya kuna watu: mzee ambaye ameacha kahawa yake, na binti anayemtazama baba yake usoni, akingoja kuona kama nitamtia aibu tena. Kambere alikuwa ameomba kupitia wazee wake. Mimi nilikuwa nimeweka kiuno cha mtu hewani, lakini nilikuwa sijaomba kitu.

Nikaachilia.

“Butembo, hatukusikia kitu,” akasema Agar, mbali sana. “À toi.”

“Sema, yaya,” akasema Mama Christa, akiniita kaka kwa heshima. Kitenge kilikuwa kimeshuka, na macho yake makavu kabisa. “Sema tu kama mutu.”

Nikabonyeza tena. “Papa, ni Muyisa. Naomba Solange. Barabara ikifunguka, wazee wetu watakuja. À toi.”

Nikaachilia. Ilibaki mvumo kama mvua juu ya mabati. Tukangoja. Vagheni akaita Beni, akangoja, akaita tena, akagusa kitufe hiki na kile. Mvumo. Batri ya kule, ile ya kuombea, ilikuwa imesikiliza kiuno cha Solange hadi ikafa.

“Dimanche iko karibu,” akasema Maliro, na safari hii hakucheka. “Na barabara imefungwa.”

Mimi nilikuwa nahesabu beti. Macho, shingo, kiuno, pikipiki, kufuli. Kwa umeme wa ule ubeti wa kufuli peke yake, niliousema mara mbili, mtu angeweza kusema ndiyo ama hapana na kubaki na nafasi ya salamu.

Kisha yule mtafunaji akarudi, lakini sasa mdomo wake ulikuwa mtupu.

“Butembo, hapa Kayna. Beni iko chini sana. Wewe huwezi kumusikia, lakini huku ku mulima anafika kidogo. Ngoja nikamate neno yake. Hapana kubonyeza. Nasema tena: huyo kijana hapana kubonyeza kitu.”

Nikaweka mikro mezani na mikono yangu mgongoni. Maliro alivua kofia. Jirani wa Vagheni aliyekuwa akipasua kuni aliambiwa aache. Sijawahi kusikiliza kitu namna ile, wala ibada, wala mapigo ya bunduki yakikaribia. Na nilichokuwa nikisikiliza ni muuza viazi nisiyemjua, aliye kilomita nyingi kusini, akisikiliza kwa niaba yangu.

“Butembo, kamata,” akasema Kayna. “Papa anasema: bazee bakuye. Ule wa pikipiki, atamujibu ye mwenyewe dimanche.” Akakohoa. “Sasa ni Solange. Solange anasema ndiyo. Anasema alikuwa na ile ndiyo tangu mwanzo, lakini bouton ilikuwa kwako. Anasema tena: ile ya kufuli, hapana kuisema ku mariage. Beni amekatika. À toi.”

Mstari mzuri kuliko yote niliyowahi kusikia ulifika kwangu kwa sauti hiyo, ya mtu mwenye viazi vinavyooza. Nilichukua mikro. Nilihisi shairi likipanda kifuani, refu, lenye mizani kamili, na benchi zima likavuta pumzi kwa hofu.

“Bien reçu,” nikasema, nikaachilia.

“Alléluia,” akasema Maliro. “Sasa naweza kuuliza maharagwe yangu?”

Barabara ilipofunguka, wazee wetu walikwenda Beni, wakapokelewa. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mtu maarufu kwa namna ambayo sikuiota. Watoto wa njiani walinisalimia “à toi!” Dereva wa lori la Kayna alisimama mbele ya duka la mjomba ili tu anione, akanikagua, akasema alidhani mimi ni mrefu zaidi.

Siku hizi beti zangu ni fupi. Wapo wanaosema nimevumbua ufundi mpya, mstari unaoishia pale ambapo msikilizaji anataka kusema kitu. Nawaacha waseme. Ukweli ni kwamba nikifika neno la nane, kidole gumba changu huanza kuuma.

Kwenye arusi, mzee Syauswa hakutoa hotuba. Alinipa furushi dogo lililofungwa kwa gazeti, akangoja nilifungue mbele yake. Ndani mlikuwa na kufuli la zamani, lenye kutu, na ufunguo umefungwa kwa kamba ya mgomba.

“Papa,” nikasema, “si ulisema mashine ilikuwa na makelele?”

“Ilikuwa nayo,” akasema mzee. “Lakini si mingi.”

Tulilitia kwenye mlango wa nyumba yetu ya kwanza. Kila asubuhi nalipaka mafuta kidogo, ndipo lifunguke.