Fleti ya Wacera

Nasike aliinunua fleti ile mara tatu moyoni kabla hajatia sahihi popote, na mara tatu akaiacha.

Alikuwa mwalimu wa hesabu mjini Bungoma, mjane wa miaka arobaini na tisa, watoto wake wawili wakiwa wamekwisha kwenda kujitafutia. Januari alipata uhamisho: shule moja ya upili nje kidogo ya Kitale ilimhitaji awe naibu wa mwalimu mkuu kuanzia Mei. Wenzake walimshauri apange nyumba, aone mambo kwanza. Lakini Nasike alikuwa amechoka kupanga. Alizaliwa Webuye katika nyumba ya kiwanda, na baba yake alipostaafu, nyumba ikarudi kwa wenyewe. Baadaye zikaja nyumba za walimu, kisha za kukodi. Alikuwa amehama mara kumi na moja, na hakuwahi kupigilia msumari ukutani bila kuomba ruhusa.

Kaka yake mkubwa, Wanjala, aliyebaki katika shamba la baba yao, hakuipenda habari ya kununua fleti hata kidogo.

"Dada, nyumba bila udongo si nyumba," alimwambia. "Siku ukifa tutakuzika wapi? Kwa balkoni?"

Nasike alicheka, lakini neno lile lilimkwama. Wanjala alikuwa amemwahidi pembe ya shamba, upande wa mtoni, ajenge nyumba yake. Ahadi hiyo ilikuwa na umri wa miaka minne.

Fleti yenyewe ilikuwa orofa ya kwanza, katika jengo la kale lenye fleti nane, kuta zake nene, sakafu yake ya terazo nyekundu iliyong'aa kwa miaka ya kupigwa deki. Mtaa huo zamani ulikuwa wa nyumba za chini zenye ua na michongoma. Sasa michongoma iling'olewa kila mwezi, malori ya kokoto yaliingia tangu asubuhi, na majengo ya vioo vya buluu yalikuwa yakichomoza kama uyoga baada ya mvua. Muuzaji aliitwa Wacera, ajuza wa miaka sabini na saba, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kulima Trans-Nzoia. Alikuwa ameishi pale miaka arobaini na mmoja. Magoti yalikuwa yamekataa ngazi, basi anahamia kwa bintiye Nakuru.

Kila Jumamosi Nasike aliendesha kigari chake kutoka Bungoma kwenda kuitazama tena. Alifungua mifereji, akagonga kuta, akasimama jikoni kimya. Akifika mji mdogo wa Kiminini wakati wa kwenda, alitamani kugeuza. Akifika Kiminini wakati wa kurudi, alitamani kugeuza pia. Darasani alijikuta amesimama dirishani, chaki mkononi, wanafunzi wakimngojea amalize hesabu aliyoianza.

Jumamosi ya nne alifika mapema. Wacera alikuwa kliniki. Chini ya ngazi alimkuta Mzee Kimaiyo, mfanyakazi mstaafu wa posta anayeishi fleti ya chini, akimwagilia sukuma alizopanda kwenye mitungi iliyokatwa. Wakasalimiana. Mzee akamuuliza kama ndiye yule mwalimu anayenunua kwa Wacera, na Nasike alipoitikia, akaliweka kopo chini.

"Hajakwambia?" akauliza.

Akamweleza polepole. Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa inazinunua fleti zile moja moja, kimyakimya. Tano zilikuwa zake tayari. Pazia zilikuwa zinaning'inia tu, ndani hakuna mtu. Ikipata zote nane, italibomoa jengo na kuinua ghorofa kumi. Waliobaki ni yeye, Wacera, na nesi mmoja wa juu anayeitwa Jepchumba.

Nasike alipanda ngazi akaketi kwenye kidato cha mwisho, mbele ya mlango uliofungwa. Alisimama, akaketi tena. Wacera aliporudi, akipumua kwa shida na kushika ukuta, alimtazama usoni akajua. Alifungua mlango, akateleka chai, akamimina vikombe viwili, ndipo Nasike akamuuliza kwa nini alimficha.

"Ningekuambia, ungenunua?" Wacera akajibu.

"Na hao wa kampuni, mbona usiwauzie?"

"Walitaka kunipa zaidi yako." Ajuza alizungusha kikombe chake. "Mume wangu alipougua, Kimaiyo alimbeba hii ngazi. Kushuka na kupanda, kila kliniki, mwaka mzima. Hakuwahi kuitisha hata asante. Mimi nikiwauzia, wamebaki wawili, na wawili hawawezi kuwazuia. Nitamuuza Kimaiyo?"

"Lakini mimi ungeniuza, Mama."

Nje lori lilimwaga kokoto, na vijiko vikatetemeka mezani.

"Ndiyo," akasema Wacera. "Nilikuwa nakuuza. Enda nyumbani ufikirie. Sitakulaumu."

Nasike aliondoka na hasira iliyomfikisha Bungoma bila kukumbuka njia. Alimpigia Wanjala simu, akamwambia kwamba mambo ya fleti ya Kitale yamekwisha. Kaka yake alifurahi, akamwita kesho yake aje waione ile pembe, waanze kupanga msingi utakaa wapi.

Wakateremka shambani pamoja baada ya kanisa. Upande wa mtoni, hadi kwenye mpaka wa shamba, palikuwa pamepandwa miwa. Wanjala alisema hiyo si taabu, ikivunwa tu Nasike atajenga. Nasike akainama akaishika. Ilikuwa michanga, haijatimiza miezi miwili, na miwa huchukua mwaka na nusu. Alimtazama kaka yake, mtu aliyemsomesha kwa jasho lake, mtu asiyejua kumwambia hapana. Walirudi nyumbani wakala ugali na kuku, wakazungumza habari za mvua.

Jumatatu jioni alimpigia Wacera. Alimwambia atanunua, lakini kwa sharti. Yeye, Kimaiyo na Jepchumba waketi meza moja, waandikiane kwamba hakuna atakayeuza bila kuwaambia wenzake kwanza. Wakili wake alimwonya kwamba karatasi kama hiyo haina meno mengi, ingawa bila idhini ya wenye fleti wote kampuni italazimika kwenda mahakamani ikitaka kubomoa. Nasike alisema anataka tu kuwaona wakitia sahihi. Wakatia, jikoni kwa Wacera, Jepchumba akiwa na sare zake za kazi kwa sababu alikuwa anakimbilia zamu. Mei, Wacera akashuka ngazi mara ya mwisho, Kimaiyo akiwa amemshika mkono huu na Nasike ule.

Wiki ya pili mjumbe wa kampuni alibisha hodi, kijana mpole mwenye viatu safi. Nasike alimkaribisha chai na kumkatalia. Alirudi Agosti, akarudi Oktoba. Kampuni ikachoka kukaa na fleti tupu, ikazijaza wapangaji, na ngazi zikajaa watoto na harufu ya vitunguu. Hakuna aliyesema vita vimekwisha. Jepchumba alikiri waziwazi kwamba ameongezewa bei tena na bado anafikiri. Nasike hakulala vizuri. Kila lori lililopunguza mwendo mlangoni lilimnyanyua kitini.

Februari wakabomoa nyumba ya jirani, ya mwisho yenye ua. Tingatinga liliingia mchana na jengo zima likatikisika. Wapangaji walitoka nje kutazama. Kimaiyo alisimama karibu na Nasike, mikono nyuma, mpaka ukuta wa mwisho ukalala chini na vumbi likapanda.

"Mwalimu, unajuta?" akamuuliza.

"Najuta kila Jumatatu."

"Na siku zingine?"

"Siku zingine niko na kazi, Mzee."

Kimaiyo akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu analolifahamu. Nasike akapanda haraka kwenda kufunga madirisha kabla vumbi halijaingia.