Mapazia ya Dirisha Lililoinama

Mtaa mzima walimwita Funguo. Alikuwa dalali wa nyumba, na kishada cha funguo alichokining'iniza mkandani kilisikika kabla mwenyewe hajakunja kona. Nusu ya funguo hizo zilikuwa za milango iliyokwishavunjwa zamani, lakini hakuzitoa. Mteja akisikia mlio ule anadhani huyu bwana ana nyumba nyingi, na Funguo alimwacha adhani.

Siku hizi katikati ya mji mambo yamegeuka. Zamani mtu akizipata, alihamia pembeni, akajenga ukuta mrefu na kufuga mbwa. Sasa watoto wa watu walewale wanarudi mitaa waliyoikimbia baba zao, tena kwa bei ambayo baba zao wangezimia kuisikia. Ukiwauliza wanatafuta nini, wanakwambia wanatafuta uhai. Wanataka kuamka wamsikie kinyozi akibishana na muuza magazeti. Haya, na waamke! Lakini wakishanunua, kinyozi anahamishwa kwa sababu redio yake ina kelele.

Funguo aliwajua kuliko walivyojijua. Hakuanza kuwaonyesha nyumba, alianza kuwaonyesha watu. Aliwapitisha kwa fundi viatu, akamsalimia kwa sauti ya juu, kisha kwa kinyozi, halafu, kama mtu aliyekumbuka tu, akawasimamisha mbele ya dirisha la chini la nyumba ya kona. Pale dirishani alikaa mwanamke mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua, akishona kwa cherehani nyeusi ya miguu. Hapo wateja wote walilainika. Ambacho hakuwaambia ni kwamba mshonaji yule alikuwa shangazi yake.

Na si shangazi wa kusalimiwa siku za misiba. Wazazi wa Funguo walifariki akiwa na miaka sita. Ndugu wakaitisha kikao, kila mmoja akaanza kueleza jinsi nyumba yake ilivyo ndogo. Shangazi, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, alimshika mkono akaondoka naye kikao hakijaisha. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja, kilekile cha dirishani. Kitanda kilikaa huku, cherehani kule, na Funguo alilala kwenye godoro chini ya dirisha kwa miaka kumi na miwili, vipande vya uzi vikimdondokea kichwani.

Shangazi alikuwa na daftari la vipimo, na humo hakuandika majina ya watu. Aliandika Mwalimu wa Hesabu, Mke wa Kinyozi, Bwana Tumbo. Ukurasa wa kwanza kabisa uliandikwa Mwanangu, na ulikuwa na vipimo vya Funguo vya kila mwaka, tangu kaptula ya shule hadi suti ya harusi. Hata hivyo daftari lilikuwa la mapambo tu. Alichokipima mara moja hakikumtoka kichwani, na watu walisema anaweza kukusahau sura lakini kiuno chako hakisahau ng'o. Kwa mfano, Funguo bega lake la kushoto limeshuka vidole vitatu, tangu kuzaliwa. Huwezi kuliona. Shangazi aliweka kitambaa cha ziada ndani ya kila koti lake, kimyakimya, na dunia nzima ikaamini kwamba Funguo amenyooka.

Basi mwenye nyumba ya kona akafa, na watoto wake, waliokuwa wakiishi mbali, wakataka kuuza. Mnunuzi akapatikana upesi, mwanamke kijana mwenye biashara ya kuwalaza wageni wa siku mbili tatu, wale wanaotaka kuonja maisha ya mtaa bila kuyameza. Alikuja siku ambayo Shangazi alikwenda kununua uzi, na lile dirisha alilipenda mpaka akaligusa. Ila aliitaka nyumba tupu kabla mwezi haujaisha. Wapangaji wengine walishaondoka. Alibaki Shangazi, na Shangazi alikuwa na karatasi ya marehemu iliyosema akae humo mpaka achoke mwenyewe. Na wala hakuwa amechoka.

Wale warithi walimwambia Funguo wazi. Akiitoa nyumba ikiwa tupu, safu nzima ya nyumba zao, zote saba, ni yake kuuza. Akishindwa, yuko dalali mwingine. Funguo aliitamani ile safu hata usingizini. Alishaiona ofisi yake yenye mlango wa kioo. Akapiga moyo konde, akaenda kwa Shangazi na karatasi mpya.

"Ni ukarabati tu, Shangazi," alimwambia. "Miezi miwili. Wakimaliza kupaka rangi, unarudi chumbani kwako."

"Umeisoma wewe?"

"Nimeisoma yote."

"Basi yatosha. Macho yangu mimi ni ya uzi, si ya herufi."

Akatia sahihi, tena akamwuliza kama amekula. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mwanamke aliyeishi kwa nguo miaka yote ile hakukiona. Mimi hapa nikisimulia huwa natamani ile kalamu ingekauka wino, lakini haikukauka.

Akamtafutia chumba mwisho kabisa wa mji, nyuma ya ghala la saruji. Mlango wake ulikuwa mwembamba, cherehani haikupita. Funguo akamwambia aiache tu kulekule, kwa miezi miwili nani ataiba chuma kizito namna ile? Kisha akaenda kuandika kwenye karatasi ya mauzo, kwa mwandiko mzuri, kwamba nyumba inauzwa pamoja na cherehani ya zamani, bado inafanya kazi.

Miezi miwili ikawa minne. Shangazi akiuliza, mafundi wamechelewa. Akiuliza tena, rangi imeagizwa. Hakugombana naye hata siku moja. Alikaa mlangoni kwenye vumbi la saruji, akabandika vifungo vya watu kwa mkono, na wateja wake wa zamani hawakujua alikokwenda.

Sasa sikiliza jinsi binadamu alivyo wa ajabu. Mnunuzi alitaka mapazia ya chumba cha mbele, yashonwe kwa mkono na fundi wa mtaani, ili awe na la kuwasimulia wageni. Akamwuliza Funguo kama anamjua mmoja. Na Funguo akaingiwa na huruma! Aliona hii ndiyo nafasi ya kumpa Shangazi kazi kidogo, maskini, amekaa bure. Akachukua kitambaa, akachukua kikaratasi chenye vipimo vitatu, akavipeleka mwenyewe huku moyo wake umetulia kama wa mtu aliyetoa sadaka.

Shangazi akavaa miwani, akasoma. Upana. Urefu wa kulia. Urefu wa kushoto, pungufu vidole vitatu.

Nyumba ya kona ilizama upande mmoja kabla Funguo hajazaliwa. Kwa miaka ishirini na minane Shangazi alilishonea dirisha lile mapazia, na kila mara alikunja pindo la kushoto zaidi, yakitundikwa yaonekane yamelingana. Funguo alilala chini yake miaka kumi na miwili na hakuwahi kujua.

"Dirisha hili liko wapi?" aliuliza.

"Ghorofa jipya, Shangazi. Upande wa pili wa mji."

"Jipya, na limeshainama."

Funguo akacheka, akasema mafundi wa siku hizi ni wezi watupu. Shangazi alimtazama kwa muda mrefu, mpaka Funguo akaanza kuchezea funguo zake. Kisha akakikunja kile kikaratasi, akakitia ndani ya daftari, akasema atashona, ila kutundika atakuja kutundika mwenyewe. Funguo akasema hakuna haja ya kujisumbua. Shangazi alikuwa ameshaanza kutafuta sindano.

Alishona wiki mbili, pindo lote kwa mkono. Siku ambayo Funguo alikuwa kwenye nyumba ya kona na mnunuzi, wakipanga viti, mlango ukagongwa, na Shangazi akaingia na mapazia mabegani.

Chumba kilikuwa kimebanduliwa lipu, matofali yakaachwa wazi kwa makusudi. Cherehani ilisimama palepale chini ya dirisha, imeng'arishwa kwa mafuta, na juu yake kulikuwa na chombo cha maua. Shangazi aliitazama kwanza yenyewe, kabla ya kuwatazama watu.

Mnunuzi akamgeukia Funguo, akauliza kwa adabu kabisa, "Unamfahamu huyu mama?"

Hapa angeweza kujiokoa. Neno moja tu lilitosha. Lakini akisema ni shangazi yangu, mnunuzi atauliza alikuwa akiishi wapi, ataiuliza ile karatasi ilitiwa sahihi vipi, na zile nyumba saba zitapaa.

"Ni fundi tu," akasema Funguo. "Nilimpata sokoni."

Unajitambulishaje mbele ya mtu aliyekwisha kukukana? Na sahihi kwenye karatasi ilikuwa ya Shangazi mwenyewe. Alipanda kwenye kigoda, akatundika. Mapazia yakashuka mpaka kizingitini, kushoto na kulia sawasawa, na dirisha zima likaonekana limenyooka. Mnunuzi akashangaa, akauliza amewezaje.

"Dirisha nalijua," alijibu Shangazi. Akashuka, akaweka mkono juu ya cherehani. "Na hii ni yangu."

Mnunuzi akamtazama Funguo. Funguo akatabasamu lile tabasamu la kazini, akasema kwa sauti ya upole kwamba cherehani nyeusi zote zinafanana, na wazee wakati mwingine huchanganya mambo.

Mnunuzi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalouma. Alimwonea huruma mama wa watu. Akamwambia, kama anapenda, aje kila Jumamosi akae hapo dirishani ashone, wageni watafurahi kumwona, na atamlipa. Ila apitie mlango wa nyuma, wa mbele ni wa wageni.

Shangazi akahamisha chombo cha maua kutoka juu ya cherehani, akakiweka sakafuni. Akasema atakuja. Angefanya nini? Vifungo havimlishi mtu.

Funguo alimsindikiza mpaka uani. Walipofika mlango wa nyuma alijaribu kutania, maana kutania kulikuwa kumemwokoa mara nyingi.

"Si nilikuambia utarudi, Shangazi?"

Shangazi aliangalia ngazi asije akateleza, akaenda zake.

Nyumba saba akapewa. Ofisi akapata, na mlango wa kioo. Warithi wakaandika kwamba watakuja kuifungua wenyewe, na Funguo akataka suti mpya. Alijaribu kwa mafundi wawili wa madukani. Koti la kwanza lilining'inia upande, la pili likamfanya aonekane kama amebeba ndoo. Hakuelewa kwa nini, maana maisha yake yote nguo zilimkaa. Mwisho akachukua kitambaa, akaenda Jumamosi kwenye nyumba ya kona.

Wageni sita walikuwa chumbani wakipiga picha. Mnunuzi naye alikuwepo. Shangazi aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akaona kitambaa, akaona ni nani amekishika.

"Nataka suti," akasema Funguo kwa sauti ndogo. "Ile ya kawaida. Vipimo unavyo."

Shangazi akavuta daftari. Akaupita ukurasa wa kwanza, akazipita kurasa zote mpaka akafika kwenye ukurasa mweupe. Juu yake, polepole, akaandika Dalali.

"Simama wima," akamwambia, "nikupime."

Akampima kama anavyopimwa mtu aliyeingia kutoka barabarani, akisoma kila namba kwa sauti, kifua, kiuno, mkono. Wageni wakasogea karibu waone. Alipofika mabegani, akapima la kulia, akaandika, akaanza kukunja tepu.

Ndipo Funguo akaelewa kilichoyaharibu yale makoti mawili ya madukani. Alitaka kusema na la kushoto je, lakini aliyekutana na fundi sokoni angejuaje kwamba fundi huyo analijua bega lake? Mnunuzi alikuwa hatua mbili tu kutoka alipo.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza. Watu wengi mabega yao yako sawa."

Suti ilikuwa tayari siku moja kabla, imekunjwa vizuri, kila mshono umenyooka. Asubuhi ya ufunguzi warithi walifika, majirani wapya wakafika, na Funguo akasimama mbele ya mlango wa kioo ili apigwe picha. Mpiga picha akamwomba ainue bega la kushoto. Akainua. Akamwomba ainue zaidi. Mrithi mkubwa akacheka kidogo, akamwuliza mbele ya watu wote ni nani aliyemshonea nguo ile.

Funguo akajiona kwenye kioo, upande mmoja wa koti umeshuka na kukunjamana kwapani, na hakuna kitambaa cha ziada ndani.

"Ni fundi tu," akasema.

Ilikuwa Jumamosi. Mtaa wa pili, Shangazi alishaingia kwa mlango wa nyuma na kukaa dirishani.