Sufuria Hazitoki Jumatano

Mwanatumu alipoambiwa kwamba sufuria za harusi hazitoki Jumatano, alidhani anataniwa. Lakini Fauzia, mtunzaji wa sufuria za kikundi cha akina mama wa mtaa wao hapo Msambweni, hakuwa mtu wa utani.

"Ni sheria, shoga," Fauzia alisema, huku akiendelea kukuna nazi. "Jumatano hazitoki."

"Sheria ya nani?"

"Ya sufuria."

Mwanatumu akapandwa na hasira. Bintiye alikuwa anaolewa Alhamisi, na siku haikuwa ya kuchagua: bwana harusi, Luqman, alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya Diani, na likizo aliyopewa msimu huu wa wageni ilikuwa kiduchu, haifiki hata Jumamosi. Karamu ya Alhamisi adhuhuri maana yake ni mchele kuchambuliwa Jumatano, nyama kukatwa Jumatano, sufuria kufika Jumatano. Na mama aliyemwoza binti bila pilau ya kutosha, katika mtaa ule, atasemwa mpaka wajukuu wake wazeeke. Mwanatumu aliwajua vizuri wasemaji wenyewe, maana alikuwa mmoja wao.

Basi akaanza kuitafuta sheria ilikotoka, aing'oe. Akaenda kwa chifu. Chifu akasema serikali haina neno na sufuria. Akaenda kwa imamu. Imamu akasema hajaikuta katika kitabu chochote, ila yeye kwa upande wake asingemshauri mtu agombane na wapishi. Akawauliza wanachama wenzake, na kila mmoja akajibu kwamba aliikuta. Ndiyo ajabu ya sheria hii: wote waliikuta, hakuna aliyeileta.

Mwisho akafika kwa Bi Shutu, ajuza pekee aliyebaki katika waasisi wa kikundi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alipoulizwa, Bi Shutu alicheka mpaka akakohoa. Zamani, alisema, sufuria ziliwekwa stoo kwa Mama Dzombo, na ufunguo Mama Dzombo aliufunga kwenye pindo la leso. Kila Jumatano alikwenda Ukunda kuuza korosho, na ufunguo akaenda nao.

"Ikawa mtu akija Jumatano, anaambiwa leo hazitoki. Ndiyo hivyo tu, mwanangu. Marehemu aliuza korosho, nyinyi mkafanya dini."

Mwanatumu alirudi mbio, nusura leso imdondoke, akaitisha mkutano. Akawaeleza wenzake kwamba Mama Dzombo ni marehemu, stoo iliporomoka, na sufuria siku hizi zimelala kifudifudi nyuma ya jiko la Fauzia, mahali pasipo na mlango, seuze kufuli. Sheria ilikuwa ya ufunguo, na ufunguo haupo. Alisema vizuri hata mwenyewe akajiona wakili. Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyebisha.

"Haya, tumeiondoa," akasema Fauzia, kwa upole ambao ungemtia wasiwasi mtu mwenye akili iliyotulia.

Jumatano asubuhi sufuria zikatoka. Mwanatumu na mumewe, Mbarak, walizibingirisha hadi uani kwao, wakatandika mikeka, wakapanga visu, wakamwaga mchele kwenye nyungo. Wakangoja akina mama waje kupika. Jua likapanda, na hakuna aliyepiga hodi. Mbarak akashika kitunguu, akamenya, akalia. Akashika kingine, akajikata.

"Wenzako wako wapi?" akauliza.

Sasa Mwanatumu aliogopa kweli. Alimwona bintiye kesho, hina mikononi, mbele ya wageni wenye njaa.

Akaenda kwa Fauzia. Alimkuta amejilaza barazani mchana kweupe, miguu juu ya mto. Kila nyumba aliyoipita njiani ilikuwa hivyo hivyo.

"Dada Fauzia, sheria si tuliiondoa?"

"Ya sufuria tuliiondoa, na sufuria si zimekuja kwako?" Fauzia akasogea kumpa nafasi mkekani. "Lakini shoga, harusi za watu, maulidi ya watu, hitima za watu, nani hupika? Sisi. Siku moja tu kwa wiki hakuna awezaye kutuita, kwa sababu sufuria hazitoki. Mume wangu anajua, mama mkwe anajua, ukoo mzima unajua. Wewe umewahi kuitwa jikoni kwa watu siku ya Jumatano?"

Mwanatumu akafikiri. Hakuwahi. Miaka yote hiyo kila Jumatano alilala mchana, na hata mara moja hakujiuliza ni nani aliyempa ruhusa. Akaketi. Ghafla miguu ikamuuma, miguu ya wiki nzima ya kuwafukuzia chifu na imamu, na machozi yakamtoka.

"Na harusi ya mwanangu?"

"Kwani Jumatano inakwisha lini?"

"Magharibi. Jua likitua ni usiku wa Alhamisi."

"Basi likitua tutakuja sote, tupike mpaka kuche. Ungeuliza tangu mwanzo sheria ni ya nini, ningekwambia. Wewe ulikuja na haraka ya kuing'oa."

Mwanatumu akajinyoosha mkekani. Haukupita muda Mbarak akatokea njiani, kidole kimefungwa kitambaa, akiita kwa mbali: nyama imefika, mchele haujaguswa, afanyeje?

Mwanatumu hakufungua hata macho.

"Mwambie leo Jumatano," akamwambia Fauzia.