Wawili Katika Sanduku Moja

Pale benki walimwita Bi Sanduku, na si kwa ubaya. Kutwa nzima alichora visanduku: cha mteja, cha akaunti, cha mkopo, kisha akavuta mistari katikati kuonyesha nini kinamhusu nani, ili taarifa zilizotapakaa kwenye mifumo ya zamani zipate kwao. Alikuwa mtu wa mkataba, na mkataba wenyewe ulikuwa unakata roho wiki hiyo. Mkurugenzi akiridhika na mchoro, ungeongezwa. Asiporidhika, ndiyo kwaheri.

Asubuhi hiyo kiherehere kilikuwa kimempanda hadi kichwani, na kicheko kilimtoka bila sababu. Alivaa koti jipya la rangi ya limau, kazi ya pacha wake, mshonaji, aliyelileta mwenyewe mapokezi na kukaza kifungo cha mwisho papo hapo, sindano mkononi.

"Nipande nikaone unavyowakoga?" pacha akauliza.

"Hapana, pacha wangu. Ningoje hapa hapa."

Pacha akanuna. Tangu utotoni walichanganywa majina, wakapewa zawadi moja, wakachapwa wote kwa kosa la mmoja. Hapa kazini Bi Sanduku alikuwa ameonja raha ya kuwa peke yake, na hakuwahi kumwambia yeyote kuwa ana pacha. Alijionea haya kwa hilo, lakini raha yenyewe aliipenda.

Huko juu, mbele ya mkurugenzi na wakubwa wengine, mambo yakaenda barabara. Akaeleza kwamba mteja mmoja huandikwa mara tatu nne, kila karani na tahajia yake. Kwa hiyo jina la kwanza lisitegemewe. Wakifanana jina la ukoo, siku ya kuzaliwa, jina la mama na makazi, basi ni mtu yule yule, waunganishwe.

"Safi," mkurugenzi akasema. "Nawe si una akaunti hapa? Jitafute, tukuone."

Akajitafuta katika mfumo wa majaribio uliofuata sheria yake. Ukutani palipomulikwa ikatokea picha yake, akaunti mbili, na penye kazi pameandikwa: mshonaji.

Chumba kizima kikacheka.

"Kumbe jioni unashona," mkurugenzi akasema, akilitazama koti. "Na hilo ni lako? Hongera. Basi kama hakuna mwenye neno, mchoro umepita."

Bi Sanduku akaliona kosa. Yeye, pacha wa kuzaliwa, alikuwa ametunga sheria iliyowasahau mapacha. "Ndiyo, nimelishona mimi" ilikuwa imeshafika ncha ya ulimi, na hiyo tu ingetosha. Mkataba ungeongezwa, na yule aliyekuwa akingoja mapokezi angefutika, yeye na sindano yake.

Hapo kicheko kikamshinda nguvu. Akacheka mpaka akaishika meza.

"Sikulishona mimi," akasema, akijifuta machozi. "Amelishona pacha wangu. Hapo ukutani tupo wawili, na sheria yangu imetufanya mmoja."

Pacha akaitwa kutoka mapokezi. Akaingia, akaitazama picha, akamtazama dada yake, naye akashikwa na kicheko kile kile, kwa sauti ile ile. Wakubwa wakawa wanageuza shingo huku na huku, nao wakaanza kucheka mmoja mmoja.

Mkurugenzi peke yake hakucheka. "Sasa utafanyaje?"

"Wanaofanana wasiunganishwe na mfumo. Mfumo uwaweke kando tu, mpaka karani awaulize wenyewe." Akavuta mstari kati ya wateja wawili, akaandika juu yake: pacha.

"Ungenyamaza, ungekuwa umeshapita," mkurugenzi akasema.

"Najua."

"Mimi namtafuta asiyenyamaza. Mkataba uongezwe."

Wakashuka ngazi wakisukumana kama watoto. Katikati pacha akasimama.

"Kwa hiyo siku zote hizi hawakujua kama nipo."

"Hawakujua. Nilitaka nijue inakuwaje kuwa peke yangu."

"Na inakuwaje?"

Bi Sanduku hakucheka sasa. "Pale ukutani nilikuwa na kila kitu chako, na wewe hupo. Niliogopa, pacha wangu."

Pacha aliona kile kifungo kimelegea tena kwa vicheko, akamvuta dada yake kwa koti, akamkalisha kwenye ngazi, akatoa sindano.